Kamati ya Kuridhika na Shangazi Mafagio wa Nne

Halmashauri ya Mji wa Pembrook Falls, jimbo la Ohio, iliutangazia ulimwengu kwamba filamu ya nne ya Shangazi Mafagio imependwa sana na wakazi wote bila kubagua umri wala chama. Tangazo lilibandikwa Jumatatu. Filamu yenyewe ilikuwa ionyeshwe Jumamosi.

Meya Verlin Stuckey hakuona kasoro hapo. Serikali makini haingoji mambo yatokee ndipo iyaunge mkono. Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Filamu tatu za kwanza za Shangazi Mafagio, yule mchawi mpole anayeoka keki za maboga na kugombana na fagio lake, zilipigwa picha pale pale Pembrook Falls. Kila Oktoba watu walitoka majimbo ya mbali kuja kupiga picha mbele ya posta, kula donati, na kulala katika hoteli pekee ya mji huku wakilalamikia magodoro yake. Ya nne, studio ikaenda kuipigia Kanada kufuata unafuu wa kodi. Tangu hapo magodoro yalikosa hata wa kuyalalamikia.

Sasa studio ilikuwa inamtuma mtu kuja kuitazama pamoja na wananchi, kabla ya kuamua filamu ya tano ipigwe wapi. Verlin aliitaka hiyo ya tano hadi akaiota.

"Tukinuna, wataona sisi watu wagumu," aliwaambia madiwani. "Tukiisifu, watarudi. Nani anarudi kwa watu walionuna?"

Madiwani walikubali kwa kauli moja, kwa kuwa chakula kilikuwa kinapoa. Ikaundwa Kamati ya Kudumu ya Kuridhika kwa Umma, chini ya Bi. Marlene Hochstetler, makamu mkuu mstaafu wa shule ya sekondari, ambaye hata mbwa wa mji ule huketi chini akiwaangalia.

Kamati ilianza kazi kwa kasi. Neno "kusikitishwa" liliondolewa katika matumizi. Asiyeipenda filamu angeitwa "mwananchi anayeridhika kwa awamu". Kisha Bi. Hochstetler akaleta hoja yake kubwa. Ohio, kama inavyojulikana, Halowini haiangukii siku inayojitakia. Halmashauri ndiyo hukaa, ikapiga kura, ikaamua watoto wavae vinyago siku gani na waanze saa ngapi kugonga milango kuomba pipi, na saa hiyo ikifika hupigwa king'ora cha zimamoto. Mwaka huu, alipendekeza, Halowini iwe Jumamosi hiyo hiyo ya filamu, na king'ora kisilie mpaka mwenyekiti wa Kamati ajiridhishe kwamba kila mtu aliyemo ukumbini ameridhika.

"Kila mtu?" Verlin akauliza.

"Kila mtu, Mheshimiwa. Tukiacha upenyo hata mdogo, mji mzima utapita hapo hapo."

Verlin alisaini bila kusoma mara ya pili, akajisikia kiongozi.

Jumamosi alasiri ukumbi wa michezo wa shule ulifurika wachawi wadogo, mifupa midogo na dinosaria mmoja, kila mmoja na ndoo yake ya plastiki tupu magotini. Bi. Corinne Abelson wa studio aliketi mbele, Meya upande mmoja na Earl Vandemark upande wa pili. Earl ni mkulima wa maboga. Katika filamu tatu za kwanza yeye ndiye aliyekuwa mzimu, kwa kuvishwa shuka na kuambiwa akimbie.

Taa zikazimwa. Shangazi Mafagio akatokea, naye alikuwa mtu mwingine kabisa. Fagio lake lilikuwa na betri. Nyuma ya posta ilisimama milima yenye theluji.

"Verlin," Earl akanong'ona, akimwinamia mgeni, "ile milima tumeipata lini?"

"Ridhika, Earl."

"Nimeridhika, nauliza tu. Maana huku kitu kirefu ni ghala la mahindi."

Akatokea mzimu wa kompyuta, mng'aro mtupu.

"Hata miguu hana," akasema Earl. "Mimi nilijikwaa kwenye ile shuka mpaka nikang'oka jino, bwana."

Nyuma yao Bi. Hochstetler akakohoa. Earl akapiga makofi.

Verlin mwenyewe ilimuuma. Aliipenda ile filamu ya kwanza, na kuiona imefanywa hivi kulimtia uchungu wa kweli. Lakini alicheka palipotakiwa kicheko, na mahali pengi pasipotakiwa.

Filamu ilipokwisha, makofi yalitikisa madirisha. Watoto walipanda juu ya viti wakigonga ndoo zao, wakiangalia dirishani upande wa king'ora. Bi. Abelson alikuwa anafuta macho.

"Wameipenda kweli," alisema kwa sauti ya chini.

"Kupita kiasi, bibie."

"Basi tena. Wakubwa waliniambia niende kwa wenye Shangazi Mafagio. Wakiumia, tumekosea, turudi hapa na yule mama wa zamani, na hata mzee huyu na shuka lake. Wakifurahi, tubaki Kanada, kuna unafuu. Nilikuwa naomba muumie, Mheshimiwa. Mimi nimekua na hizi filamu."

Verlin aliruka jukwaani kama mtu aliyekalia siafu, akanyakua kipaza sauti.

"Wananchi, tusidanganyane. Hii filamu ni takataka. Ile milima ni aibu. Semeni ukweli, mgeni asikie."

Bi. Hochstetler akasimama taratibu.

"Mheshimiwa anasema hajaridhika?"

"Hata chembe. Earl, waambie."

Earl alimtazama mjukuu wake, aliyevalishwa kama boga.

"Mimi nimeridhika, Verlin. Huyu mtoto ndoo yake tupu."

"Bi. Abelson, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia wewe, Mheshimiwa. Nimetumwa kuusikia mji."

"Kwa hiyo," alisema Bi. Hochstetler, "tunaye mwananchi mmoja anayeridhika kwa awamu. King'ora kitamsubiri."

Vinyago vyote vikamgeukia Meya. Dinosaria akaanza kulia.

"Ifute hiyo sheria, Marlene."

"Halmashauri inakaa Jumanne. Halowini ni leo."

"Verlin, acha roho mbaya," mama mmoja akasema kutoka nyuma. "Watoto wamekukosea nini?"

Verlin aliutazama mlango, akafikiria kutoka nje ili asihesabiwe. Madiwani walikuwa wamejipanga pale, wanatabasamu kama walivyoagizwa. Akamtazama Bi. Abelson, aliyekuwa ameshavaa koti. Akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nimeridhika."

"Huku nyuma hatukusikia."

"Nimeridhika sana," alisema Meya wa Pembrook Falls. "Na milima nimeipenda."

King'ora kikalia. Ukumbi ukamwagika nje kwa kelele, akabaki Verlin jukwaani na Bi. Abelson aliyepanda kumpa mkono wa kwaheri.

"Asante, Mheshimiwa," alisema. "Kanada watafurahi sana kusikia."