Kilo Kumi za Mwezini

Azzam aliteremka Konde na tableti moja, miwani isiyo na kazi, na cheo cha Mtaalamu wa Anga alichojitunuku mwenyewe melini. Kabla hajamaliza kikombe cha kahawa sokoni alishajua la kujua. Mzee Nassor, mwenye skuli ya binafsi, anapenda vitu vya kisasa kwa bei ya zamani, na stoo kwake kuna gunia la karafuu kavu, kilo sitini, lililochangwa na wazazi ili maabara ipate paa.

Asubuhi yake akasimama darasani. Akaielekeza kamera ya tableti kwenye meza ya mwalimu, na kiooni, juu ya meza ile ile, Mwezi ukatokea. Akadondosha embe la picha, likashuka kwa madaha. Akabonyeza Dunia, likaanguka puu. Programu yenyewe hutolewa bure mtandaoni, ila hilo Azzam hakutaka kuwachosha nalo.

"Nguvu ya mvutano, Mzee wangu. Uzito hutegemea mahali. Weka mzigo kwenye mizani, tableti itaisoma kwa kamera na kukwambia ungekuwa kilo ngapi popote angani."

"Na bei yake?"

"Kwa skuli yako, kilo kumi tu za karafuu."

Mzee Nassor alimwonea huruma. Kilo kumi kwa mashine kama ile! Akatia saini karatasi ya mauzo haraka, bila kusoma, kijana asije akazinduka. Karatasi ilisema: kilo kumi, kwa kipimo cha tableti.

Gunia likapandishwa mizani. Azzam akabonyeza Mwezi, na gunia likaonekana limesimama kwenye vumbi la kijivu. Kilo kumi kamili.

"Gunia zima lino?" Mzee Nassor akalishika gunia. "Wazazi n'tawambia nini?"

"Waonyeshe saini yako, Mzee."

Bi Modester, mwalimu wa fizikia kutoka bara, akaiomba karatasi. Akaisoma yote, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya.

"Kipimo cha tableti, sawa. Mwezi umetajwa wapi, kaka Azzam?"

"Haukutajwa, lakini..."

"Basi mwenye karafuu achague. Mzee, karafuu zenu mnaziweka wapi?"

"Juani," akasema Mzee Nassor. "Tangu babu yangu, zaanikwa juani."

Bi Modester akabonyeza Jua, ambako kila kitu huzidi uzito mara ishirini na nane. Akashusha gunia, akaweka karafuu konzi kwa konzi. Konzi ya nane, tableti ikasoma kilo kumi.

Azzam aliwaza polisi, kisha akakumbuka kwamba karafuu zisizouzwa kwa shirika la serikali ni magendo. Akatabasamu kitaalamu.

Alipanda gari ya Wete na karafuu zake kwenye karatasi ya daftari, za kutosha kutuliza jino moja. Tableti, kitu pekee alichowahi kununua kwa pesa yake halali, ilibaki darasani. Huko Mzee Nassor alikuwa keshapanda mizani, anaomba atazamiwe yeye Mwezini ni kilo ngapi.