Mtahiniwa Asizidi Miaka Thelathini

Tume ya Mitihani ya Kuingia Utumishi wa Umma inayo furaha kuwatangazia wananchi wote kwamba, kwa mwaka wa tano mfululizo, mtihani umeahirishwa kwa mafanikio makubwa.

Mimi ni Katibu Msaidizi wa Tume, kwa hiyo nayasema haya kwa uhakika. Kuahirisha si kazi ya wavivu. Kunahitaji vikao, na vikao vinahitaji chai.

Mwaka huu alijitokeza mlalamikaji mmoja, mwalimu wa kujitolea aliyekuwa akifundisha hesabu watoto wa majirani kwenye kibaraza cha mama yake. Alijiandikisha akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa ana thelathini na moja, na kanuni iko wazi: siku ya mtihani, mtahiniwa asizidi thelathini.

"Dada," nilimwambia dirishani, "umri umekutupa mkono."

"Kaka, ni ninyi mlioahirisha mpaka nikazeeka!"

"Tume huahirisha mtihani. Kuahirisha miaka yako ni jukumu la mtahiniwa."

Hakuondoka. "Mama yangu anashona nguo za watu mpaka macho yanamtoka machozi, akisema mwakani mwanangu ataajiriwa. Nirudi nikamwambie nini?"

Swali hilo lilizidi cheo changu. Nikampeleka mbele ya kikao.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu wa kanuni. Wiki ile tulikuwa tumemkatia keki ya kutimiza miaka hamsini na miwili, na bango la hongera, lenye umri huo kwa herufi kubwa, lilikuwa bado linaning'inia nyuma ya kiti chake. Nilipoajiriwa, zamani kidogo, tulimkatia keki ya hamsini na minne. Hakuna aliyeshangaa. Mkubwa hupanda vyeo. Umri huwaachia wadogo.

Alimsikiliza mwalimu, akavua miwani.

"Binti yangu, vijana mna visingizio. Mimi nimelitumikia taifa hili miaka arobaini na miwili bila kuchelewa hata siku moja!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alilitazama bango, akamtazama Mwenyekiti, midomo ikimchezacheza.

"Samahani mzee," akasema kwa adabu zote. "Kwani uliajiriwa ukiwa darasa la nne?"

Makofi yakakatika. Kanuni zetu, alizozitia saini mwenyewe, zinabatilisha ajira ya mtoto, na zinamstaafisha mtu akifika sitini. Mwenyekiti alitafuta mlango wa tatu, asiuone.

"Nina sitini na minne," alisema hatimaye.

Sijawahi kuona mtu akizeeka miaka kumi na miwili kwa kumeza mate mara moja.

Wajumbe waliobaki wakatazamana, wakaona swali lile lina miguu. Papo hapo walipitisha kwa kauli moja kwamba kumuuliza mtu umri, awe mtahiniwa au mjumbe, ni utovu wa nidhamu, na kwamba mtihani ufanyike Jumatatu, kabla mambo hayajaanza kunuka.

Lifti yetu ni mbovu. Ni mwalimu aliyemshika mzee, sasa mstaafu, mkono kwenye ngazi.

"Taratibu, baba."

"Asante, mwanangu," alisema, akishusha mguu kwa uangalifu. "Magoti haya yananitesa miaka mingi. Nilikuwa sina pa kulalamikia."