Mgomo Ulionijia Wiki ya Kura

Jumatatu, 10 Februari

Mgomo! Kwenye chuo chetu! Wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha madarasa ya chini wamesimama na mabango mbele ya jengo letu, theluji hadi vifundoni. Miaka minane naandika juu ya migomo katika riwaya za kimapinduzi za Marekani, na sijawahi kuuona hata mmoja. Nilikimbia bila kofia. Kumbe wanaimba! Kumbe mabango yana mipini! Delphine Kusack, mwanafunzi wangu mwenyewe na kiongozi wao, alinipa bango la HATUVUKI. Nikalibeba kama bwana harusi.

Ndipo Profesa Brandvold, Mkuu wa Idara, akaniita, "Stroud!" na kunivuta kando. Kura ya ajira yangu ya kudumu ni wiki hii, ndani ya jengo. Wazee wote wa idara, ambao ndio wapiga kura, wameapa kutovuka mstari wa wagomaji kuingia humo. Na Ijumaa ikipita bila kura, nafungasha virago mwezi Mei. Nikamwuliza, wote hawavuki? Akasema wote, na kwamba wengine wametaja makala yangu kuwa ndiyo iliyowashawishi.

Sikujua kuna anayeisoma.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wa kwanza. Nimemweleza Delphine, kwa upole wa baba, kwamba nguvu za kweli ziko mlango wa uwanja wa mpira, upande wa pili wa chuo. Wahamie huko. Akasema, "Lakini Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba mtu wa kwanza kuwashauri wagomaji wahame ndiye wa kumchunga?"

Nilimfundisha vizuri mno. Nimejilaumu kutwa nzima.

Jumatano, 12 Februari

Mpango wa pili: kuwahutubia mpaka baridi iwatawanye. Nilianza na asili ya riwaya ya kiwandani. Nikataja tanbihi. Nikarudia tanbihi. Vidole viliganda, sauti ikakauka, na ndipo alipotokea Marguerite Oyler na sufuria kubwa ya maharage na nyama yenye pilipili.

Oyler! Anayechunguza mashairi ya bustani za mboga! Mpinzani wangu tangu nilipoajiriwa, ingawa sidhani kama ameshaarifiwa. Wagomaji wakamzunguka, mashavu mekundu, hakuna aliyeondoka. Nilitaka sana kujua anatia nini mle. Nikala bakuli mbili ili kuchunguza. Nadhani ni bizari.

Akaniuliza kwa nini kura isipigwe jikoni kwake, nje ya chuo, bila mstari wowote wa kuvuka. Mtego mtupu! Atawashibisha wazee kisha awageuze. Nikamnong'oneza, maana sauti haipo, kwamba kazi yangu inastahili meza ya heshima. Akasema meza yake ni ya mti wa mwaloni.

Alhamisi, 13 Februari

Mpango wa tatu, na ndio wenye akili. Mlango wa nyuma, panaposhushwa vyakula vya bwalo. Pasipo na wagomaji hapana mstari, na pasipo na mstari hakuna kuvuka! Nikaenda kupajaribu kabla ya kuwaleta wazee.

Lori la vitunguu lilikuwa limesimama nje ya lango. Dereva, mama wa miraba minne, amekataa kuingia: chama chao cha madereva hakivuki mgomo wa wenzao. Akaniuliza, "Unakwenda wapi, baba?" Nikasema niko kwenye utafiti. Akasema, "Wa vitunguu?" Nilikuwa na mguu mmoja ndani. Mkononi bado nina bango la HATUVUKI, maana sikuona pa kuliweka.

Delphine alikuwa nyuma ya lori. Alipiga picha. Idara nzima imeshaiona. Nimekwisha.

Ijumaa, 14 Februari

Kimya tangu asubuhi. Jioni Brandvold akapiga simu. Wazee wamekutana jikoni kwa Oyler, kwa amri yake yeye Brandvold. Picha yangu ilipita mezani pamoja na mkate. Kisha Oyler akasimama, akasema vitabu vya Stroud vina akili kuliko Stroud, na tunavyovipigia kura ni vitabu. Nimepita kwa kura moja!

Nililia, nakiri.

Baadaye nikaanza kujiuliza. Oyler anataka nini kwangu? Na ni nani hao waliosema hapana? Lazima nijue. Nimeshapanga karamu ndogo, na maswali.

Jumatatu, 17 Februari

Nimepewa ofisi mpya, ghorofa ya tatu, yenye dirisha kubwa. Ninaanza kitabu kipya, juu ya mgomo huu, kama alivyouona mtu aliyekuwa katikati yake. Bango nimelitundika ukutani.

Delphine na wenzake bado wako kwenye theluji. Wanaonekana vizuri sana kutoka humu. Nimeingilia mlango wa vitunguu.