Wiki ya Koti Lisilokauka

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Mvua siku ya kumi na mbili mfululizo. Redio inaiita El Nino. Mama Gathoni, mwenye ploti ninamopanga chumba, anaiita adhabu, na akisema hivyo ananiangalia mimi.

Leo nimeanguka. Si mtihani, huo ni Ijumaa. Nimeanguka kwa matope, kati ya chuo na geti, nikiwa nimevaa koti langu jeupe la upishi. Nililivaa barabarani ili watu wa Kitengela wanidhanie daktari. Mama mmoja alikuwa ameanza kunieleza habari za goti lake wakati mguu ulipoteleza. Alikimbia. Hakunisaidia hata kuinuka.

Udongo wa hapa ni mweusi na unashika kama gundi. Koti lote, mgongo mpaka kola.

Niko na koti moja tu. Mtahini anatoka Nairobi na sheria yake inajulikana: asiye na koti jeupe, safi na kavu haingii jikoni. Julai nilianguka mtihani huohuo kwa sababu ya mayai ambayo sitaki kuyazungumzia. Nikianguka tena, chuo kinanirudisha nyumbani Kimilili, na Mama ameshatangazia kanisa zima kwamba mwanawe atapikia wageni kwa hoteli kubwa. Nimeshaombewa. Hakuna njia ya kurudi.

Nimefua. Maji ya kisima cha hapa yana chumvi, sabuni inakataa kutoa povu. Nimesugua mpaka vidole vikakunjamana kama vya mzee. Koti limetakata! Sasa likauke tu. Siku nne nzima. Hata mtoto anaweza.

Jumanne, 4 Novemba

Ploti ina vyumba vinane, wanafunzi kumi na sita na kamba moja ya nguo. Hesabu hiyo aliipiga Mama Gathoni mwenyewe na anaona iko sawa.

Nimeamka mapema niiwahi kamba. Nimekuta Dinah wa chumba nambari nne ameshafika. Tunasoma darasa moja. Yeye huwa wa kwanza. Sambusa zake hazipasuki. Nguo zake ni kavu kila siku, mvua au mvua. Anatumia pegi tatu kwa kila nguo, ubinafsi wa wazi kabisa.

Nilisukuma blauzi zake mbili kando nikapata nafasi. Aliniona. Badala ya kukasirika, akaniambia kamba haitasaidia kwa hali hii ya hewa. Eti nilikamue koti, nilikunje ndani ya taulo kavu, nilikanyage vizuri, halafu nilipige pasi. Nilimshukuru nikamwambia niko na mbinu zangu. Nani humpa mpinzani ushauri mzuri siku tatu kabla ya mtihani? Mtego huo hata kipofu angeuona.

Saa nne tukiwa darasani, mabati yakaanza kulia. Mvua! Dinah aliomba ruhusa akatoka mbio. Mimi nilibaki. Mwalimu alikuwa anaeleza mchuzi mweupe, na pia nilikuwa nimevua viatu.

Nimerudi nikakuta ameanua nguo zake na koti langu pia. Kwa kuwa chumba chetu kilikuwa kimefungwa, alilining'iniza kwa kitasa cha mlango. Likaanguka. Mbuzi wa Mama Gathoni akalilalia.

Nilimwendea Dinah nikamwambia sikumtuma. Akasema pole, akafunga mlango wake polepole. Afadhali angeubamiza.

Nimefua tena.

Jumatano, 5 Novemba

Nimemaliza na kamba ya nje. Mwanaume wa kisasa anakausha ndani.

Chumba ni futi kumi kwa kumi: vitanda viwili, meza moja, mimi, na Ngigi anayesomea uhasibu. Nimefunga uzi kutoka chuma cha dirisha mpaka msumari ulio juu ya kitanda chake. Sheria ya ploti inakataza kamba za ndani. Sheria hiyohiyo inakataza kukaanga samaki, na kila Jumapili tunajua vizuri chumba nambari saba wanafanya nini.

Koti lilianza kudondosha maji juu ya madaftari ya Ngigi. Nikaweka beseni juu ya kitanda chake. Nikaondoka kwenda kunywa chai, nikafurahi na watu. Ngigi akarudi, akakaa kitandani bila kuangalia. Beseni lilikuwa karibu kujaa.

Ngigi hapigi kelele. Hilo ndilo tatizo lake. Alikaa pale palipolowa, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na mpango mwingine wowote wiki hii ambao angehitaji kuujua mapema. Nilimwambia ninao mmoja.

Mpango wenyewe: stovu ya mafuta ya taa. Nimeiwasha sakafuni chini ya koti, nikaweka sufuria tupu juu yake ili moto usambae. Sayansi. Dakika kumi hivi joto lilikuwa zuri sana na Ngigi alianza kukauka pia.

Halafu mlango ukagongwa. Mama Gathoni! Alisema amesikia harufu. Nilimwambia ninapika. Akasema vizuri, yeye hupenda kuona vijana wakipika, wacha aonje. Akajifunga kanga yake vizuri, akafunua sufuria.

Tuliangalia ndani ya ile sufuria pamoja kwa muda mrefu.

"Unapika nini, kijana?"

Nikasema maji. Akasema hayo maji yako wapi. Nikasema yameisha. Ngigi alikuwa ameficha uso kwa mto. Mama Gathoni akainua macho, akaona koti, akaona uzi, akaona ule msumari kwa ukuta wake. Nimeonywa kwa mara ya mwisho. Ya mwisho nyingine ilikuwa Septemba.

Koti limekauka sehemu ya chini tu. Sehemu hiyo sasa ni nyeusi kwa masizi na inanuka kama lori.

Nimefua tena. Nimeanza kuchukia rangi nyeupe.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilipata wazo hili nikipiga mswaki. Sijui kwa nini halikunijia Jumatatu.

Kuntai ana mashine ya kusaga unga pale nyuma ya soko. Injini ni ya dizeli, inanguruma kutwa nzima, na bomba lake la moshi lina joto kuliko jiko lolote la chuo. Nilifika saa tano na koti ndani ya karatasi ya plastiki. Nikamsalimia kwa Kimaasai, "Supa!" na yeye akaitikia "Ipa!" Nikadhani urafiki umekamilika. Nikamweleza shida yangu. Kuntai aliniangalia, akaliangalia koti, akauliza kwa nini sitafuti taulo na pasi. Nahisi Dinah amezungumza na mji mzima.

Lakini Kuntai ni mtu mwema. Alinikubalia nilitundike kwa waya karibu na bomba. Nusu saa tu! Nusu saa koti likawa kavu kabisa, tena jeupe kuliko siku niliyolinunua. Nililipiga kofi kwa furaha. Wingu la unga likapanda, akina mama waliopanga foleni na mahindi yao wakaanza kukohoa. Ndiyo, lilikuwa na unga kidogo. Ungekung'utwa baadaye. Nililivaa, nikaondoka nikitembea katikati ya njia ili wote wanione.

Nilikuwa nimefika kwa duka la vifaa vya ujenzi wakati mvua iliponyesha.

Unga ukilowa unakuwa uji. Uji ukikaa kwa mwili wenye joto la mtu anayekimbia, unaanza kushika. Nilifika ploti nikiwa nimekaribia kuiva. Ngigi alifungua mlango, akanishika mkono wa koti, akausikia kwa vidole, akasema hiyo inahitaji sukuma wiki kando.

Sikucheka. Kwa kweli nilikaa kitandani nikashindwa hata kulivua. Nilianza kutunga barua kwa Mama. Nilifika "Mpendwa Mama, natumai mko wazima," kisha sikuona maneno mengine ya kufuata. Nilimwona amesimama kanisani Jumapili, na watu wakimuuliza kijana alipita vipi. Ngigi akasoma juu ya bega langu, akatoka.

Alirudi na Dinah. Dinah hakuuliza. Alisema tu, "Nalianya, lete hilo koti." Nikaleta. Alilifua kwa maji ya mvua aliyokuwa amekinga kwa ndoo, na povu likatoka kama maziwa. Yeye akashika mkono mmoja, Ngigi akashika mwingine, wakalikamua mpaka likalia. Wakalikunja ndani ya mataulo mawili, Dinah akapanda juu akalikanyaga akiimba wimbo wa shule ya Jumapili. Mataulo yakabadilishwa. Kisha pasi ya makaa, polepole, nje ndani, nje ndani, mvuke ukipanda. Mimi nilipewa kazi ya kupepea makaa. Nilipepea vizuri sana.

Muda wote: saa moja na robo. Likawa kavu. Jeupe. Kola imesimama.

Nilitaka kusema kitu kikubwa. Nikasema asante. Dinah akasema, "Lala mapema. Na usilivae barabarani."

Nikifikiria vizuri, nilikuwa karibu kufikia njia hiyohiyo mimi mwenyewe. Ningeifikia kama kesho.

Ijumaa, 7 Novemba

Mtihani umekwisha. Nimelibeba koti kwenye hanga, ndani ya plastiki, Ngigi akitembea mbele akinionyesha madimbwi.

Mtahini ni mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alipita mstarini akikagua makoti. Wawili walirudishwa nje, mmoja wao akilia. Tulipokuwa tumeshabandika vitunguu, akarudi, akasimama kwangu. Akagusa kola. Akasema katika mvua kama hii hajaona koti jeupe namna hii, je, nimelikaushaje?

Sasa, mtu akiulizwa hujibu. Nikamweleza. Nikaeleza maji ya mvua, taulo, kukanyaga, pasi. Huenda nilisema "mbinu yangu." Huenda nilisema nimeifanyia utafiti. Nilionyesha hata namna ya kukanyaga. Dinah alikuwa jiko la pili, amenigeuzia mgongo, mabega yakitikisika. Nadhani ni moshi.

Nilipogeuka, sufuria yangu ya vitunguu ilikuwa imeondolewa kwa moto. Mtu alikuwa ameiweka kando vitunguu vikiwa rangi ya dhahabu, kabla havijaungua. Mtu aliyegusa chombo cha mtahiniwa mwingine bila ruhusa! Sikumshtaki. Nina moyo mkubwa.

Mtahini alionja mchuzi wangu mara mbili. Aliandika kitu kirefu.

Jumamosi, 8 Novemba

JUA! Nimeamka nikadhani ploti inaungua.

Matokeo yamebandikwa ubaoni saa tatu. Nimepita! Kwa alama mbili, lakini kupita ni kupita. Nimempigia Mama kwa simu ya posta, akapokea kule dukani kwa jirani yake. Alipiga vigelegele mpaka mwenye duka akamnyang'anya simu. Nikalia kidogo ndani ya kibanda. Jasho lilisaidia kuficha.

Nimeamua kuanza maisha mapya, kwa usafi. Nimefua kila kitu. Mashati, suruali zote, shuka, blanketi, pazia, na kama shukrani nimefua suruali nyingine zote tatu za Ngigi, ambaye alikuwa mazoezi ya kwaya na hangeweza kukataa. Kamba imejaa kuanzia mti wa mjohoro mpaka ukuta, nguo juu ya nguo juu ya nguo. Dinah alikuja na beseni lake nikamwambia ajaribu Jumatatu.

Saa saba akaja mjumbe wa chuo. Yule mtahini anatafuta wawili wa kufanya mazoezi ya kazi kwa hoteli moja ya Nairobi. Amechagua Dinah na mimi! Tufike ofisini saa tisa, nadhifu.

Nimevaa kaptura ya kuchezea mpira ya Ngigi na gambuti. Nguo zote kwa kamba zinachuruzika, kwa kuwa zimebanana hazipati hewa. Dinah alinitazama akafungua mdomo. Nikamwinulia mkono. Niko na mbinu.

Saa nane na dakika kumi. Ninaandika haya juu ya paa. Mabati yana joto na huku juu kuna upepo wa bure ambao hakuna mtu alikuwa ameutumia! Ukishika suruali kiunoni, miguu inajaa upepo kama mifuko ya mkaa. Ni suala la dakika arobaini. Mama Gathoni yuko chini anauliza nani anatembea juu ya mabati yake. Ngigi amechukua ngazi. Anasema ngazi itarudi suruali zake zikikauka.

Kutoka hapa naona mbali sana. Naona Dinah akielekea chuo na rinda lililopigwa pasi. Naona pia wingu, lakini ni dogo, na nina hakika linaenda mbali, huko Mashuuru.