Bingwa wa Kuta na Mlango wa Mkunga

Jamaa aliyeitwa Ulimi hakuwahi kushika nyundo kwa nia njema. Asubuhi ile aliegemea kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, akingoja riziki ya mdomo, aliposikia mama mmoja akimuuliza mwenye duka:

"Jipsamu ya ukutani ikimeguka pembeni mwa mlango, mtu asiyejua kitu anaanzia wapi?"

Mtu asiyejua kitu! Masikio ya Ulimi yakasimama kama ya sungura.

Mama yule alikuwa mkunga mstaafu. Jana yake alisukuma kabati peke yake hadi chumbani, likaung'ata ukuta wa mlangoni. Ukuta wenyewe mumewe, dereva wa lori, aliujenga kwa mikono yake, na aliusifu kuliko alivyowahi kumsifu mkewe. Mume huyo alikuwa anarudi jioni hiyo.

"Mama," Ulimi akadakia, mkono kifuani, "Mungu hamtupi mja wake. Umesimama karibu na bingwa wa kuta."

"Wewe?"

"Kuta zinanijua. Na sitaki ujira. Nitakufundisha, utengeneze mwenyewe."

Mwenye duka akakohoa kidogo, akaendelea kufunga unga wa jipsamu, utepe wa wavu na skrepa ya kukwangulia na kupakia. Biashara ni biashara.

Nyumbani, Ulimi hakuutazama ukuta. Aliitazama cherehani ya umeme iliyokaa mezani, mpya, nyepesi, ya kubebeka kwapani. Mpango ukajipanga wenyewe: mama atumwe dukani, cherehani itoke matembezi.

Akagonga ukuta kwa skrepa, akautegea sikio. "Umeumia," akasema kwa huzuni ya kidaktari. "Umevimba kwa ndani."

"Utapona?"

"Utapona, ila tumesahau msasa. Bila msasa hatufiki popote."

"Nakimbia sasa hivi. Niazime simu yako, yangu imezima. Nimuulize mzee amefika wapi."

Ulimi akaitoa bila kufikiri. Kioo chake kilikwisha pasuka, haikufikia hata robo ya bei ya cherehani. Mama alipotoka tu, akaikumbatia cherehani, akanyata hadi mlango wa nje. Umefungwa kwa nje. Madirishani, nondo. Na nyuma ya nondo, uso wa mama, mtulivu kabisa.

"Irudishe mezani, mwanangu."

"Mama, nilikuwa naikinga na vumbi..."

"Miaka thelathini nimewasikiliza wanaume wakinieleza walikuwa wapi wakati mke anajifungua. Wewe bado mchanga. Tena ile skrepa uliishika kichwa chini. Sasa chagua: nipige yowe la mwizi, au ukuta upone kabla mzee hajafika. Maelezo yameandikwa nyuma ya mfuko wa unga."

Bingwa wa kuta akasoma mfuko kama mtahiniwa aliyechelewa. Unga wa kwanza aliukoroga ukawa uji, ukateremka ukutani hadi kwenye kiatu chake. Wa pili ukagandia ndooni, akabaki anavutana na mwiko.

"Kidogo kidogo," mama akasema kutoka dirishani, ambako alikwisha jiwekea kiti. "Hata mtoto haharakishwi."

Mara ya tatu akaanza upya. Akakata karatasi ya jipsamu iliyoning'inia, akakwangua makombo yote, akainyoosha kwa nyundo kona ya bati iliyopinda ndani ya ukuta, akabandika utepe. Juu yake akapaka unga tabaka jembamba, akangoja likauke. Akapaka la pili, pana zaidi. Mama akampenyezea msasa kwenye nondo. Ulikuwa mkobani mwake tangu asubuhi. Ulimi akasugua mpaka nyusi zikawa nyeupe, kisha akapaka rangi iliyobaki stoo. Saa kumi na moja kona ilikuwa imenyooka kama rula. Akajikuta anarudi nyuma hatua tatu, kuitazama.

Mama akafungua mlango, akamrudishia simu. "Nenda. Na huo mdomo uufunge."

Kabla hajavuka kizingiti, honi ya lori ikalia. Mzee akaingia, akapita pale mlangoni, akatundika koti, akauliza habari za nyumbani. Hakuona kitu. Mama akashusha pumzi.

Ulimi naye angeondoka salama. Lakini akageuka palepale kizingitini.

"Mzee, hujaona chochote?"

"Chochote gani?"

Mama akamkodolea macho. Haikusaidia.

"Hiyo kona! Ilikuwa imesagika yote. Nimeitengeneza mimi!"

Ndugu msomaji, huo ulikuwa ukweli wa kwanza kumtoka Ulimi tangu abalehe, na ulileta balaa kuliko uongo wake wote.

"Nani aliivunja?" mzee akauliza.

"Kabati," mkewe akajibu.

"Lilitembea lenyewe?"

Mama akagundua ghafla kwamba ana kazi jikoni. Mzee akawasha tochi, akaimulika kona kwa ubavu, akaipapasa polepole kutoka juu. Karibu na sakafu kidole kikasimama.

"Hapa pana kinundu."

"Hapana!" Ulimi akapiga magoti, akapapasa. Kilikuwepo. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Kesho saa mbili asubuhi," mzee akasema. "Na chumba cha nyuma kina mlango mbaya zaidi."

Ulimi akafumbua kinywa atafute kisingizio katika ghala lake ambalo halijawahi kuisha. "Sawa, mzee," akajisikia akisema.

Na kibaya zaidi, alikwenda. Saa moja na nusu alikuwa mlangoni, mkononi ana skrepa mpya, yake mwenyewe, aliyoinunua dukani kama watu wengine.