Drili Yangu na Hoteli ya Mwanaarusi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata drili! Ya betri, ya kijani, ina mlio kama kiboko aliyeamshwa usingizini. Nimebadilishana na yule beberu wangu mkorofi. Mwenye drili alikuwa anahamia Hola na hakuuliza habari za tabia ya beberu. Nami sikumchosha kwa maelezo.

Ndani ya sanduku mna biti tele, vile vyuma vya kutobolea! Nyembamba, nene, nyeusi, za rangi ya fedha, za rangi ya dhahabu. Zote zina ncha, zote zinazunguka. Kuna watu hukaa kuzichagua. Maisha mafupi.

Mpango ni huu. Mwanaarusi anafungua hoteli Ijumaa baada ya sala, karibu na steji hapa Garsen. Mjane, mpishi hodari, na akicheka hata sufuria hucheka. Anataka rafu, ndoano za jikoni na televisheni ukutani. Nikamwambia atulie, fundi amepatikana. Aliuliza kama si afadhali amwite Wako. Wako! Fundi anayepima mara tatu kabla ya kukohoa. Nikasema Wako ana shughuli nyingi. (Hana. Nilimwona amekaa mlangoni pake anajikuna mguu.)

Akakubali. Akaniita ndugu yangu. Neno hilo lina uzito wake. Nimelitafakari jioni nzima na naona ni mwanzo mzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeanza na rafu, kwenye ukuta wa simiti. Nilichagua biti nzuri kuliko zote, yenye kimwiba katikati ya ncha. Nikasukuma. Nikasukuma kwa tumbo. Moshi! Biti ikawa nyekundu, kisha ya buluu. Ukutani pakatokea alama kama ya kuumwa na mbu.

Mwanaarusi aliuliza kama ukuta unaungua. Nikamwambia drili inapasha misuli.

Mara Wako huyo, anapita. Nani alimwita? Akaiokota biti akaigeuzageuza kama mtu anayemtazama mgonjwa wake.

“Athmani, hii yenye mwiba ni ya mbao,” alisema. “Ukuta unataka ile yenye kichwa kipana, iliyobandikwa kipande cha chuma kigumu pale nchani. Tena uwashe nyundo.”

Nyundo? Kumbe drili yangu ina kitufe chenye picha ya nyundo! Nikamjibu kwamba nilikuwa nakihifadhi. Alipoondoka nikabadilisha biti, nikawasha.

Mungu wangu! Mikono ilitetemeka, meno yakagongana, ukuta ukafunguka kama halua! Rafu imekaa sawa. Mwanaarusi amepiga makofi. Mimi na biti hii hatuachani tena.

Jumatano, 6 Agosti

Siku mbaya. Naiandika upesi.

Ndoano za miiko, ukuta wa jikoni, vigae vyeupe. Mwanaarusi alivitoa Malindi mwenyewe, amevipakata kama mtoto njia nzima. Nikaweka biti yangu ya ushindi. Nyundo imewashwa. Kigae cha kwanza, pa! Nikadhani ni kibovu, nikahamia cha pili. Pa! Cha tatu nilikijaribu ili kuthibitisha.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliinama akaokota vipande, akaviweka kwenye pindo la leso yake. Akasema taratibu kwamba ameacha kupikia watu majumbani mwao ili awe na ukuta wake mwenyewe.

Nikaenda kwa Wako. Si kuomba msaada, bali kumsikiliza kwa mbali kutoka karibu. Akasema kigae kina ngozi ngumu na moyo mwepesi. Biti yake ina ncha bapa kama ya mkuki. Nyundo marufuku. Unabandika selotepu juu ya alama ili biti isiteleze, unaanza polepole, unadondoshea maji ipoe. Na chuma je? Chuma kina biti yake, mwendo wa pole, na tone la mafuta.

Biti ya mkuki imo humo humo sandukuni mwangu. Niliidhania kijiti cha kusafishia masikio.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ni leo! Televisheni! Nikiitundika vizuri, vigae vitasahaulika.

Nimechukua biti ndefu kupita zote, karibu urefu wa mkono. Mwenye biti ndefu hatishwi na ukuta mnene. Nikawasha nyundo, nikaegemea, nikafumba macho nikimwona Mwanaarusi akinipa mkono wa pongezi.

Ukuta haukuwa mnene.

Upande wa pili ni kinyozi, Jasper. Biti ilitokea katikati ya kioo chake, mbele ya pua ya mzee Halake, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyekuwa amenyolewa upande mmoja. Nilisikia kioo kikimwagika. Nikasikia Halake akimtaja Mungu kwa Kiorma na kwa Kiswahili. Akatoka mbio, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa inang'aa, moja kwa moja mpaka mnadani! Ng'ombe walimpisha.

Jasper akaingia na mashine ya kunyolea mkononi, bado inanguruma. Nikajificha nyuma ya kreti za soda.

Mwanaarusi alikaa chini, uso kwenye leso, mabega yakimtikisika. Analia au anacheka? Sikuweza kujua. Mwishowe akanisemesha: “Ndugu yangu Athmani, kesho njoo kama mgeni. Ukae, ule, ushibe. Usishike kitu.”

Mgeni! Nimepandishwa cheo!

Ijumaa, 8 Agosti

Hoteli imefunguliwa! Imejaa! Wako aliingia tangu alfajiri. Vigae amevibadilisha, tundu la ukuta ameliziba, televisheni imekaa kama imezaliwa pale. Kila kitu alikipa biti yake. Ametumia sanduku langu, kwa hiyo tuseme kazi ni yetu sote.

Halake alikuja, amenyolewa kote, akala sahani mbili. Jasper amekubali kioo kipya, nami nimekubali kutopita mbele ya duka lake.

Jambo moja tu linanikera. Mwanaarusi alimpelekea Wako bakuli la samaki wa kupaka kabla ya watu wote. Akainama akamwambia, “Mchuzi huu wako.” Sikujua kama anamtaja jina au anamgawia. Wote wawili walicheka sana. Hata hivyo, mimi ananiita ndugu yangu. Yeye anamwita jina tupu, bila heshima yoyote. Naongoza!

Jumapili, 10 Agosti

Habari kubwa! Ami Tahir amenipigia simu kutoka Kipini. Amenunua boti ya faiba, anataka itobolewe nyuma, chini kabisa, afunge injini. Nani fundi? Mimi!

Faiba sijawahi kuigusa. Si mbao, si chuma, si kigae, kwa hiyo biti yoyote itafaa. Nimechagua nene kuliko zote. Ami aliuliza kama aivute mchangani kwanza. Nilimcheka sana. Nimemwambia aiache palepale majini. Tukimaliza kutoboa, tunaondoka nayo papo hapo.