Balozi wa Helmeti wa Steji ya Iftin

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo muuguzi anayeitwa Hamdi alikuja stejini kwetu Iftin, tunapongojea abiria wa bodaboda, na gunia la helmeti. Akatuambia waendesha bodaboda wanaoletwa wodini kwake wengi wameumia kichwa. Anatafuta balozi wa usalama barabarani. Atakayevalisha abiria wengi helmeti kufikia Jumamosi ndiye atakayechaguliwa, na picha yake itawekwa kwenye bango karibu na soko la mifugo.

Mimi, Dagane, kwenye bango. Mengine sikuyasikia.

Bare naye akainua mkono. Bare huyu ameninyang'anya abiria kwa miaka minne, tena kwa tabasamu. Tukapewa helmeti mbili kila mtu, moja ya dereva, moja ya abiria. Yangu ya dereva nimeitundika kwenye usukani. Inang'aa vizuri pale, na kichwani ina joto.

Jumanne, 4 Februari

Mafunzo ya kwanza. Nilileta matikiti mawili kutoka mashamba ya mtoni. Nikatangaza kwamba nitayaangusha kutoka juu ya paa la duka, moja likiwa na helmeti, jingine bila. Watu walijaa.

Tikiti lisilo na helmeti lilitua kwenye mchanga, likakaa salama salmini. Lenye helmeti likaangukia ngazi ya duka. Helmeti ilichomoka, tikiti likapasuka vipande. Wazee wakakubaliana kwamba helmeti ndiyo inayopasua vichwa.

Bare aligawa vile vipande huku amevaa helmeti yake, na kila aliyekula akaahidi kuvaa. Hamdi akanieleza kwa upole kwamba ukanda wa kidevuni hufungwa. Nikamwambia nilikuwa naonyesha hatari ya kutoufunga. Akaufunga na kuufungua mara tatu mbele yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Kina mama wanakataa helmeti. Wanasema inanuka jasho la watu wasiowajua. Nimewaza usiku kucha, nikapata jibu: uunsi, ule ubani wa kufukizia nyumba na nguo. Asubuhi niliwasha mkaa kwenye chetezo cha Mulki, mke wangu, nikamwaga uunsi wake wote na kuifukiza helmeti ya abiria mpaka ikanukia kama chumba cha bibi harusi.

Kufikia adhuhuri nilikuwa na abiria kumi na wanne. Walipanga foleni. Wawili hawakuwa na safari yoyote. Bare alisema nimefungua saluni. Wivu tu. Hamdi alicheka, akaandika jambo hilo kwenye daftari lake.

Jioni Mulki aliniuliza uunsi wa harusi ya dada yake uko wapi. Nikamwambia umeokoa maisha. Hajanisemesha tangu hapo.

Jumamosi, 8 Februari

Naandika kwa shida. Jicho moja limevimba.

Abiria wa mwisho alikuwa Ugbad, muuza maziwa ya ngamia, ambaye mji mzima tunamwita eeddo, kama shangazi yetu. Alikataa helmeti. Amepanda ngamia tangu utotoni, alisema, na kichwa kipo. Nilimsihi, kwa sababu Hamdi alikuwa ng'ambo ya barabara akihesabu, na mimi na Bare tulikuwa sare. Mwishowe akaivaa juu ya mtandio, akafunga ukanda mwenyewe.

"Na wewe je?" akaniuliza.

Nikamjibu yangu ni ya maonyesho.

Tulipompita Hamdi niligeuka kumpungia mkono. Hapo ndipo mkokoteni wa punda, umejaa mapipa ya maji, ulipokata barabara. Tukaanguka. Nilisikia kichwa cha eeddo kikigonga ukingo wa lami. Sauti ile sitaisahau. Sijawahi kuogopa hivyo maishani.

Akaketi. Akauliza maziwa yamemwagika kiasi gani. Halafu akavua helmeti, akaona ufa uliotoka mbele hadi nyuma.

"Dagane," alisema taratibu, "hii kitu yako imekufa badala yangu."

Nililia. Nilisema ni damu imeingia machoni, na damu kweli ilikuwepo. Bare alinifunga kichwa kwa shali yake mpya, akatufikisha hospitali, akarudi kukusanya madumu ya maziwa ya eeddo. Wema wake unachosha. Hamdi alisimamia nikishonwa nyuzi saba, bila kunigombeza hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 10 Februari

Balozi ametangazwa. Si mimi, si Bare. Ni Eeddo Ugbad. Hamdi anasema ufa ule unahubiri kuliko hesabu yetu.

Leo alisimama sokoni na helmeti yake yenye ufa, akawaita waendesha pikipiki mmoja mmoja kwa fimbo. Hakuna aliyebisha. Atabisha nani na eeddo? Kufikia alasiri karibu steji nzima ilikuwa imevaa. Nilipomwona pale, mzima, anafoka, nilifurahi kutoka moyoni. Bare alinishika mkono, akasema tumeshindwa na aliye bora. Mulki amenisamehe, baada ya kucheka sana.

Basi nikagundua jambo. Abiria wanaiona bandeji yangu, wananionea huruma, wananichagua mimi. Watano leo, na Bare amesimama tu. Kila mmoja namhubiria njia nzima kwamba asipande pikipiki bila helmeti.

Hamdi amenipa mpya. Nimeiacha nyumbani. Nikiivaa, bandeji itaonekanaje?